Mpangaji Asiyekuwepo

Bwana Gatheru alisema: kabla ya adhuhuri.
Alitaka kilele cha kila safuwima,
karatasi moja, mstari mmoja,
asome akiwa amesimama.
Jedwali lina safu thelathini na moja
na wapangaji mia nne na kitu,
kuanzia Umoja na Pipeline hadi Githurai,
pale lami inapoishia mlangoni mwa mwenye jumba.

Safu moja ni rahisi. Unauliza kodi, inajibu kodi.
Thelathini na moja ni kubisha na kubisha
kwa swali lile lile hadi ulimi uote sugu.
Nikaandika swali la kuandika maswali:
lishuke kwenye orodha ya majina ya safu,
lishike kila jina, liliulize, "Mkubwa wenu nani?"
likusanye majibu, lirudi.
Stima ikapotea. Ikarudi.
Nikaandika tena.

Majibu ya kwanza yalikuwa kejeli.
Watoto: mia tisa tisini na tisa.
Kasiva, karani aliyenitangulia,
siku hizi yuko Kitui anafuga nyuki,
alipokuta mlango umefungwa aliandika tisa mara tatu
akaenda zake.
Ghorofa: tisa imeishinda kumi na mbili,
maana mtu alihifadhi tarakimu kama herufi,
na herufi hupimwa kifua, hazipimwi kimo.
Tarehe ya kuingia: mwaka ambao haujazaliwa.
Na penye utupu, kimya.
Sifuri angalau hukujibu, "Sina."
Utupu haufungui mlango.

Nikasafisha. Chai ikapoa, ikaota utando.
Saa sita kasorobo mstari ukasimama:

Jina, Zulekha
(kwenye majina, mkubwa ni anayeitwa mwisho).
Ghorofa, ya kumi na mbili.
Kodi, elfu hamsini na tano.
Deni, laki tatu na elfu kumi.
Watoto, tisa.
Maji, yuniti sitini na nane.
Malalamiko, arobaini na moja.

Bwana Gatheru akasoma akiwa amesimama.
Akaketi.
"Huyu mwanamke tumemvumilia vipi?
Watoto tisa, laki tatu,
na bado ana mdomo wa kulalamika!
Mpigie Nafuna. Kesho alfajiri atie kufuli."

Nikamwambia, mzee, huyu si mtu.
Watoto tisa ni wa Barasa wa Pipeline,
na Barasa hajachelewesha kodi hata siku moja.
Kodi ya juu iko Kileleshwa, jina lenyewe lishasema.
Deni ni la daktari wa meno
anayekusalimia kwa mikono miwili.
Maji ni bomba lililopasuka Githurai, chumba cha saba,
na malalamiko yote ni ya Mama Okumbe
juu ya bomba hilo hilo.
Na Zulekha?
Zulekha anaishi peke yake chini ya ngazi,
elfu nne na mia tano kwa mwezi.
Kosa lake ni herufi ya kwanza.

Akanitazama kama anayetafuta jumla.
"Basi kufuli lisubiri," akasema.
Hakusema lirudishwe dukani.

Alasiri nikaliongezea swali mkia:
kila kilele kije na mlango wake.
Likarefuka, likawa zito, likachukua dakika nzima
kujibu nilichopaswa kuuliza asubuhi.

Safumlalo ya mia mbili na kumi na nne ni yangu.
Swali limenipitia mara thelathini na moja
bila kubisha hodi.
Kodi yangu ya katikati, deni langu la katikati,
maji ya mtu anayeoga haraka.
Ofisi ilipobaki tupu nililigeuza upande:
usishuke, pita kwangu tu, kushoto hadi kulia,
nambari iliyo kubwa ni ipi?

Ikawa nambari ya simu.

Nayo ikalia hapo hapo, mkononi.
Ni Gatheru, yuko njiani kwenda kwake,
anauliza kama yule wa ghorofa ya kumi na mbili
amelipa.